Kukubali bila Kusalimu Amri: Bukavu, 1931–2018

Liko fundisho la kale la India ambalo siku hizi limezunguka dunia: mtu huumizwa na lile lililompata, lakini huumia zaidi kwa sababu moyo wake unalikataa. Walimu wa njia hiyo husema, acha kushindana, tazama vizuri, utagundua kuwa wewe na hicho unachokikimbia hamjawahi kuwa wawili, na hapo utulivu utakuja wenyewe. Ramana Maharshi, aliyefariki mwaka 1950 chini ya mlima Arunachala, aliwafundisha hivyo waliomwendea, mara nyingi kwa kunyamaza tu. Masufi wa pwani yetu wanazungumza juu ya kuridhia. Wakristo wa tafakuri wana kujikabidhi kwao.

Ukiwa umekaa kwenye mkeka mahali penye usalama, fundisho hilo halina ugumu. Tatizo ni pale mwenye bunduki anapobisha hodi. Je, kumpinga ni ujinga wa mtu asiyeujua umoja wa vitu vyote? Na ukimkubali, si ndicho alichokuja kutafuta? Mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, juu ya zile rasi zinazoingia Ziwa Kivu, swali hilo liliulizwa kwa sauti kubwa kuliko mahali pengi, na maaskofu wakuu wawili walilijibu kwa maisha yao, mmoja mwaka 1996, mwingine mwaka 2000. Hakuna kati yao aliyetumia msamiati wa India. Lakini walitenganisha mambo mawili ambayo vitabu vya utulivu huyachanganya kila siku: kukubali kwamba jambo lipo, na kukubali kwamba jambo liendelee kuwepo.

Lyangombe na Wabelgiji

Kabla ya kanisa kufika, Bashi, wenyeji wa Bushi, nchi ya milima inayoizunguka Bukavu, walikuwa na Nyamuzinda, Mungu aliye juu ya vyote, na walikuwa na Lyangombe, mwindaji aliyekufa. Hadithi yake inajulikana Bushi na Rwanda, na hata Burundi, anakoitwa Kiranga. Mama yake alimwonya asiende kuwinda siku ile. Alikwenda, nyati akamuua. Waliomfuata katika ibada ya kubandwa walimwita arudi, na aliyeingizwa katika ibada hiyo, saa ile ya kupandwa, hakuitwa tena kwa jina alilopewa na baba yake. Aliitwa kwa jina la mzimu na kuheshimiwa kama mzimu. Ukuta kati ya mtu na yule anayemwabudu ulianguka kwa muda. Wanaodhani kwamba wazo la kutokuwa wawili lilifika Afrika ya Kati kwa ndege kutoka Asia wangefaa kuanzia hapa.

Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifungua misheni karibu na Nyangezi mwaka 1906. Serikali ya kikoloni ilikuja na kodi, kazi ya lazima na, baadaye, mashamba ya walowezi yaliyomega ardhi nzuri ya Bushi. Mwami Rutaganda wa Kabare aliwapinga Wabelgiji kwa silaha miaka mingi. Alipokwisha kushindwa, upinzani ulihamia mahali ambapo bunduki hazikufika. Mwaka 1931, huko Ngweshe, akatokea mtu aliyejulikana kwa jina la Binji-binji, akisema kwa jina la Lyangombe kwamba utawala wa wazungu unakwisha. Watu walimsikiliza kwa wingi kiasi cha kuitia serikali hofu. Harakati yake ilizimwa ndani ya miezi michache.

Jambo moja lilibaki baada ya kuzimwa kwake. Wakoloni walikuwa wakiziita ibada za namna ile ushirikina wa watu waliokata tamaa, wanaosubiri mizimu iwatendee. Kumbe mtu aliyekwisha kujiacha, akakubali kuitwa jina lisilo lake, ni mgumu sana kumtisha. Una nini cha kumnyang'anya?

Shule ya Wajesuiti

Njia ya pili iliingia kwa mlango wa shule. Mwaka 1938 Wajesuiti walianzisha chuo mjini, wakati mji ukiitwa Costermansville. Kilikuwa cha watoto wa wazungu. Ndicho hicho ambacho vizazi vya wana-Bukavu vimekijua baadaye kwa jina la Alfajiri.

Wajesuiti walikuwa na mazoezi yao. Mwanzilishi wao, Ignasi wa Loyola, alikuwa askari aliyevunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521, na kutokana na miezi ya kuuguza mguu na miezi mingine ya kusali peke yake aliandika utaratibu wa mafungo ya siku 30. Mwanzoni kabisa mwa utaratibu huo kuna takwa linalomshtua kila anayelisoma mara ya kwanza: mtu ajizoeze asipendelee afya kuliko ugonjwa, wala utajiri kuliko umaskini, wala maisha marefu kuliko mafupi, ili awe huru kuchagua lile tu linalompeleka kwa Mungu. Karne mbili baadaye Mjesuiti Mfaransa, Jean-Pierre de Caussade, alihusishwa na kitabu kinachofundisha kuipokea kila dakika ilivyo, kana kwamba imetoka mkononi mwa Mungu. Na karne ya 20 Mjesuiti Mhindi, Anthony de Mello, alikwenda mbali zaidi, mpaka mwaka 1998, miaka 11 baada ya kifo chake, Roma ikatoa onyo rasmi kwamba baadhi ya maandishi yake yanafifisha tofauti kati ya Mungu na viumbe.

Kwa hiyo Wajesuiti na walimu wa Arunachala ni majirani, ijapokuwa wamejenga ua katikati. Tofauti iko kwenye neno kuchagua. Kwa Ignasi, mtu anajikabidhi ili aweze kutenda. Utulivu ni maandalizi. Kazi inaanza baada yake. Wala hakusema popote kwamba utulivu huo unakuja bila jasho. Ndiyo maana ni mafungo ya siku 30 na si ya dakika 30.

Kijana wa Burhale, 1926–1986

Christophe Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 upande wa Burhale, Walungu. Alipata upadri mwaka 1958, na mwaka 1963 akajiunga na Wajesuiti, akiwa tayari mtu mzima mwenye parokia na marafiki. Alisoma sayansi ya jamii Ubelgiji, akarudi Kinshasa.

Huko ndiko tunakomwona kwa mara ya kwanza akifanya kile atakachokuja kukifanya mara ya mwisho. Juni 1971 wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium waliandamana kuwakumbuka wenzao waliouawa na askari miaka miwili kabla. Rais Mobutu aliwajibu kwa kuwaingiza jeshini kwa nguvu: vitabu chini, nywele zikanyolewa, gwaride. Munzihirwa, aliyekuwa padri kati yao, hakulazimishwa na mtu. Umri wake ulikuwa umekaribia miaka 45. Aliomba aandikishwe pamoja nao.

Kitendo hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake kukubali na kupinga havitengani. Hakugoma, hakutoroka. Aliingia katika adhabu yenyewe kwa miguu yake, na kwa kuingia kwake akaifanya isieleweke tena kama adhabu. Utafanya nini na mtu unayemtisha kwa kambi ya jeshi, naye anakuja kuuliza foleni ya kujiandikisha iko wapi? Zaire, jina la Kongo miaka ile, ilikuwa na falsafa yake ya kuvumilia, ile iliyoitwa kwa utani Kifungu cha 15, yaani kila mtu ajitafutie njia. Watu waliishi kwa kifungu hicho, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini Kifungu cha 15 kinamfundisha mtu kupita pembeni. Munzihirwa alipita katikati.

Kati ya 1980 na 1986 aliwaongoza Wajesuiti wa Afrika ya Kati, kisha akapelekwa Kasongo, Maniema, kuwa askofu. Kutoka hapo alirudishwa Bukavu, kwanza kama msimamizi, na Machi 1994 kama askofu mkuu. Wiki chache baadaye Rwanda iliwaka.

Rusizi, Julai 1994

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliendelea siku mia hivi. Yalipokoma, baada ya waasi wa RPF kushika nchi mwezi Julai, mamia ya maelfu ya Wahutu walivuka mto Rusizi kuingia Bukavu. Walilala mashuleni, kwenye nyua za parokia na kandokando ya barabara, mpaka makambi yalipofunguliwa, mengine katika njia ya kuelekea uwanja wa ndege wa Kavumu: Kashusha, Inera na mengineyo. Walikuwemo akina mama na watoto ambao hawakumgusa mtu. Walikuwemo pia wauaji, na askari wa jeshi lililoshindwa wakiwa na silaha zao.

Munzihirwa aliwataka watu wa Bukavu wawapokee. Alisema na kuandika, tena na tena, kwamba mkimbizi ni mtu kabla ya kuwa mtuhumiwa. Kwa hilo alilaumiwa, na lawama haikuwa ya bure kabisa, kwa kuwa makambi yale yaliwalisha wauaji pamoja na wenye njaa, na yule aliyeponea chupuchupu upande wa pili wa mto alikuwa na haki ya kuuliza mbona huruma imeelekezwa huko. Walioandika habari zake kama za mtakatifu wamezoea kuuruka ukurasa huu. Mimi naona tusiuruke, kwa sababu ndipo fundisho la kutomtenga mtu linapoonyesha gharama yake. Ukisema hakuna aliye nje, itakubidi useme hivyo hata mbele ya mtu ambaye ungependa sana abaki nje.

Hata hivyo hakunyamaza juu ya uovu. Aliwashambulia kwa maneno askari wa Mobutu waliokuwa wakiwaibia raia, aliwashambulia viongozi wa mkoa, aliishutumu serikali mpya ya Kigali. Watu walimwita Mzee, na jina hilo Bukavu halitolewi kwa umri peke yake. Alipenda kusema kwamba yapo mambo ambayo hayaonekani vizuri ila kwa macho yaliyokwisha kulia.

29 Oktoba 1996

Vita ilianza milimani upande wa kusini. Tarehe 6 Oktoba hospitali ya Lemera ilishambuliwa, na wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Mganga mkuu wa hospitali hiyo hakuwepo siku ile. Jina lake ni Denis Mukwege, na tutakutana naye tena. Kabla mwezi haujaisha Uvira ikaanguka. Waasi wa AFDL, wakiwa na jeshi la Rwanda nyuma yao, wakapanda kuelekea Bukavu.

Mjini kila mwenye cheo alitafuta gari. Askari wa Zaire walipora walichoweza, wakaondoka. Askofu mkuu alibaki. Siku zile za mwisho alikuwa anafanya kazi ya gavana, ya jemadari na ya padri kwa pamoja: anatuma ujumbe nje ya nchi akiomba msaada, anazungumza na wakubwa wa jeshi wasiwaache raia, anawaambia watu wakae na wasiachie chuki iwaingie. Hakuwaambia kwamba kinachokuja ni mapenzi ya Mungu. Aliwaambia kinachokuja ni nini, na nani anakileta.

Jioni ya tarehe 29 gari lake lilisimamishwa kwenye makutano ya Nyawera. Inasimuliwa mjini kwamba alishuka mwenyewe, msalaba wake mkononi, akawaendea askari. Waliokuwa pamoja naye waliuawa. Naye aliuawa hapo hapo. Mwili wake ulilala barabarani usiku ule, kwa kuwa hakuna aliyeweza kupita. Siku iliyofuata mji ulikuwa mikononi mwa waasi.

Nimewasikia watu wazuri wakisema kwamba kushuka garini kulikuwa tendo la kusalimu amri. Ratiba ya mwezi huo inawapinga. Mtu aliyesalimu amri haandiki barua mpaka siku ya mwisho, wala hashindi akizuia jeshi lisikimbie. Alichokuwa amekiachia Munzihirwa ni maisha yake tu, na inaelekea alikiachia zamani, pengine katika mafungo fulani ya miaka ya 1960, pengine katika foleni ile ya 1971. Mengine yote alikuwa bado ameyashika kwa mikono miwili.

Barua ya Noeli, 1999–2000

Machi 1997 kiti chake kilipewa Emmanuel Kataliko, mwana wa Kivu ya Kaskazini aliyezaliwa mwaka 1932, askofu wa Butembo-Beni tangu 1966. Alikuwa mtu wa tabia nyingine: mpole, mjenzi, mwenye miaka 30 ya kusimamia barabara, shule na hospitali. Hakuna aliyetarajia moto kutoka kwake.

Agosti 1998 vita ya pili ilianza, na Bukavu ikawa chini ya RCD, chama cha waasi kilichoegemea Kigali. Mwezi huo huo watu waliuawa kwa halaiki Kasika, padri na masista wakiwa miongoni mwao. Mwisho wa mwaka ikawa zamu ya Makobola. Kodi zilikusanywa na hakuna kilichojengwa. Madini yaliondoka.

Noeli ya 1999 Kataliko aliandika barua kwa waamini wake. Haikuwa ndefu. Alitaja mataifa ya kigeni yanayopigana kwa utajiri wa Kongo huku baadhi ya Wakongo wakiwashikia tochi. Alisema maadili yameporomoka mpaka mtu anamtoa ndugu yake kwa noti ya dola kumi au ishirini. Msomaji wa Bukavu hakuhitaji kuelezwa. Kila mtaa ulikuwa na jina kichwani. Kisha barua iligeuka. Injili, aliandika, inatukataza njia ya silaha. Uhuru tutaupigania kwa mateso yetu na sala zetu, na kwa njia hiyo hiyo tutawarudisha wanaotukandamiza kwenye akili zao na kwenye uhuru wao wa ndani.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyo ngeni. Mwenye bunduki anatazamwa kama mfungwa mwingine, na anayeandika anajitwika kazi ya kumfungua pamoja na mateka wake. Siasa haina kawaida ya kusema hivyo. Ukiutafuta mstari unaotutenga sisi na wao ndani ya barua ile, utaukuta umechorwa kwa wino mzito katika matendo, halafu umefutwa katika nafsi. RCD waliisoma vizuri kuliko wachambuzi wengi. Waliona kwamba ni hatari.

Mwanzoni mwa mwaka 2000 raia waliitisha siku za ville morte: maduka yakafungwa, sokoni Kadutu kimya, teksi hazikutembea, watu wakabaki nyumbani. Kubaki nyumbani ni kutofanya kitu, na kwa wiki nzima kutofanya kitu kulikuwa ndiyo silaha ya mji. Tarehe 12 Februari Kataliko, aliyekuwa anarudi kutoka safarini, alizuiwa kuingia Bukavu na kupelekwa Butembo. Uhamisho wenyewe ulikuwa na kichekesho chake, maana walimpeleka kwao, kati ya watu waliomjua tangu akiwa kijana. Bukavu iligoma: shule, parokia, biashara. Waliowatarajia watu wachoke walisubiri miezi saba.

Huko Butembo aliendelea kuwaandikia watu wake. Hakuwaambia washambulie mtu, wala hakuwaambia wazoee. Tarehe 14 Septemba aliruhusiwa kurudi, na mji ulimiminika barabarani kumpokea kwa nyimbo na matawi. Aliomba msamaha utolewe. Wiki tatu hazikutimia, akafa usiku wa kuamkia tarehe 4 Oktoba, Roma, alikokwenda kwa mkutano wa maaskofu wa Afrika. Taarifa ilisema moyo. Mjini wengi hawakuiamini taarifa hiyo, na wapo wasioiamini mpaka leo.

Butembo, Panzi, Oslo

Wanaharakati wa amani kutoka Italia walikuwa wamekubaliana na watu wa Kivu kufanya mkutano mkubwa Bukavu. RCD, waliokuwa wameushika mji, walikataa. Mkutano ukahamishiwa Butembo, ukafanyika kuanzia mwisho wa Februari 2001, na Wazungu wapatao 300 walifika katikati ya eneo la vita, askofu mzee Luigi Bettazzi akiwa mmoja wao, wakalala katika nyumba za wenyeji. Vita haikusimama kwa sababu yao. Iliendelea kwa namna moja au nyingine, na Februari 2025 Bukavu iliingiwa tena, safari hii na waasi wa M23.

Denis Mukwege, yule wa Lemera, alifungua hospitali ya Panzi mwaka 1999 upande wa kusini wa mji. Yeye ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, na urithi wake si wa Ignasi. Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani. Mlinzi wake aliuawa, naye akaenda Ulaya na familia. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi waliuza mananasi kukusanya nauli ya ndege ya kumrudisha, wao ambao wengi wao hawapati dola moja kwa siku. Januari 2013 alirudi, akakubali kuishi ndani ya uzio wa hospitali chini ya ulinzi. Hilo nalo alilipokea. Lisilopokeleka hakulipokea: tarehe 10 Desemba 2018, akikabidhiwa Nobel ya Amani mjini Oslo, alitumia sehemu ya hotuba yake kuikumbusha dunia juu ya ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, iliyoorodhesha matukio 617 ya uhalifu mkubwa nchini Kongo kati ya 1993 na 2003, na ambayo, alisema, inaota ukungu ndani ya droo huko New York. Mahakama ya kimataifa anayoidai kwa ajili ya uhalifu huo haijaundwa, na kwa kifo cha Munzihirwa hakuna aliyehukumiwa.